Mahali Peusi Shingoni Mwangu

Nyabiondo, Jumamosi mchana

Mwanangu Mapendo,

Uko kwa Mama Furaha unasukwa, na kwa jinsi ninavyomjua Mama Furaha, ambaye hawezi kusuka mistari mitatu bila kusimama asimulie jambo, hutarudi kabla jua halijapita nyuma ya kilima. Mama yako naye ametoka kukutafutia karanga za njiani. Nimebaki peke yangu mezani, na nimechukua kalamu yako ya buluu kutoka kwenye begi. Nitairudisha nikimaliza.

Mambo ya kila siku nayaruka. Sabuni, sala, kulala mapema, kutowajibu wanaume wanaoanza mazungumzo kwa kukusifia macho, yote hayo mama yako amekuambia tangu juzi, tena kwa mpangilio mzuri, na mimi nikiyarudia nitayaharibu tu. Mimi nataka kukuandikia juu ya picha ya shingo yangu. Utasema hadithi hiyo unaijua. Nyabiondo nzima inaijua, na nasikia hata watu wa kule Kingi wanaisimulia, wameiongezea nyoka. Lakini kuna kipande kimoja ambacho hakijui mtu yeyote isipokuwa mimi. Kipande hicho ni chako. Kilikupotezea mwaka mzima, na ukiondoka kesho bila kukijua utakuwa unaniheshimu bure.

Nianze mbali kidogo, maana nikianza hapo penyewe nitaacha kalamu.

Kwa karibu miaka thelathini nimekuwa fontenye wa hapa kwetu. Natunza maji kutoka chemchemi ya juu, yapitie tangi, yashuke kwenye mabomba hadi robine za kuteka maji kijijini. Nafungua vane, zile koki za kuruhusu maji, nafunga vane, nachimba palipopasuka. Najua kwa sauti tu kama bomba limejaa au limeziba. Kazi hii imenipa kiburi ambacho mwenyewe sikukiona, kwa sababu mtu anayeamka kila siku na kuwafanya watu mia tano waoge anaanza kudhani anajua kila kitu kinachopita ndani ya kitu kingine.

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa kwenye tangi nikikaza kiungo, mkono wa kuume ukaniacha. Haukuuma. Ulikataa tu. Ufunguo wa bomba ukaniangukia mguuni, na mguu ndio ulioumia. Nilitaka kuutukana ule ufunguo, lakini mdomo ukatoa maneno ya mlevi. Baada ya dakika chache kila kitu kikarudi mahali pake, nikashuka, nikanyamaza. Jioni chai ikanimwagikia kwenye shati, na mama yako akaniangalia kwa lile jicho lake. Kesho yake nilikuwa mbele ya munganga kule Masisi, amebandika chombo chake shingoni mwangu anasikiliza. Akasema ipigwe picha ya mishipa ya damu inayopanda kichwani, na picha hiyo niende kuipigia Kampala.

Papa Kasereka ndiye aliyenipeleka. Unamjua, mtu wa Butembo, mwenye duka pale njia panda, mkatoliki asiyekosa misa hata mvua ikinyesha mawe. Yeye huenda Kampala kufuata bidhaa kama sisi tunavyokwenda shambani kufuata sombe, majani ya muhogo. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, Kiingereza anakijua. Ni kweli anakijua, lakini ni Kiingereza cha matairi na vitenge. Tulipofika hospitali akamsalimia mlinzi vizuri sana, halafu akaishiwa. Bahati yetu, fundi wa mashine alikuwa mwanamke wa Beni anayeitwa Masika, na alizungumza nasi kama mtu wa nyumbani.

Aliniambia nivue kila kitu cha chuma. Nikavua mkanda, saa, nikabaki nimeshika suruali kwa mkono. Funguo za vane nikazikatalia. Nilimweleza kwamba funguo hizi haziondoki shingoni mwangu tangu siku niliyokabidhiwa.

“Papa,” akasema, “hii mashine iko sumaku ya nguvu. Ukiingia na ile funguo, itakunyonga kabla miye nione mushipa.”

Nikampa Papa Kasereka azishike. Akazivaa yeye, akaanza kutembea huku na huku kwenye ukumbi kama mkubwa wa maji.

Ndani ya lile tundu nilikaa muda mrefu. Kwanza kimya. Halafu mtu akaanza kugonga bati, halafu ikaja pikipiki iliyokatika bomba la moshi, halafu bati tena. Dada Masika alikuwa ameniambia nisitikise shingo na nisimeze mate ovyo. Maisha yangu yote sijawahi kuwaza juu ya mate, lakini tangu alipotamka neno hilo mate yalikuja kutoka kila upande. Nikafunga macho nikaanza kugawa mali yangu kichwani, ili niwe na jambo la kufanya. Nilifika kwenye bote zangu, viatu vya mpira vya mvua, mashine ikanyamaza.

Ilikuwa Ijumaa. Dada Masika akatupa bahasha kubwa yenye picha na akasema daktari atatueleza Jumatatu. Nikamwuliza yeye ameona nini.

“Miye napiga foto, Papa. Dokta njo anasoma. Mungoje lundi.”

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanza, na ni kosa la mtu wa mabomba. Tulipotoka nje nilikaa kwenye benchi na kufungua bahasha. Karatasi ya kwanza ilikuwa nyeusi, na mishipa imesimama ndani yake myeupe, safi, inapanda kutoka kifuani, inagawanyika shingoni, inaingia kichwani. Mapendo, niliipenda ile picha. Ilikuwa ni kazi ambayo ningejivunia kama ningeitandaza mimi. Nikafuata mshipa wa kulia kwa kidole hadi juu, sawa. Nikafuata wa kushoto. Ulipofika mahali unapogawanyika, weupe ulikatika. Palikuwa peusi, urefu wa ukucha, halafu weupe ukaendelea.

“Limeziba,” nikamwambia Papa Kasereka.

“Nini?”

“Bomba.”

Nikatoa karatasi ya pili. Ilikuwa shingo ileile imekatwa vipande kama muhogo, nyama ya kijivu kijivu, na pale mishipa ilipotakiwa kuwa palikuwa na matundu meusi matupu. Yote. Kulia na kushoto. Nilielewa mara moja: walipopiga ya kwanza damu ilikuwa bado inapita kwa shida, na walipofika ya pili ilikuwa imekwisha.

Papa Kasereka alijaribu kunizuia, nisimsingizie. “Papa Mapendo, tubakie mupaka lundi. Dokta alisoma miaka mingi.”

“Na miye miaka makumi tatu niko na tuyo za mayi,” nikamjibu. “Ataniambia nini yenye siyaone?”

Tukapanda basi usiku uleule. Mtu mwenye bahasha mkononi na daktari mlangoni aliamua kurudi nyumbani kufa, kwa sababu hakutaka kumwuliza mtu mwingine habari za mabomba. Utawaona wa namna yangu katika kazi unayokwenda kujifunza. Watatoka kwenye mashine wameshika suruali, watakuomba bahasha, watageuka kuelekea lango. Mtu wa hivyo mkalie njiani. Mwambie chochote, mwambie mashine imebakiza kidole chake, lakini asiondoke.

Pale Mubambiro kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alitaka kujua kilichomo kwenye bahasha. Nikamwonyesha. Akainua picha juani, juu chini.

“Hii iko muti gani?”

“Iko shingo yangu,” nikasema.

Akaigeuza. Akawaita wenzake wawili. Wakaitazama kwa zamu, na mmoja, kijana mwenye sura ya upole, akaweka kidole palepale peusi na kuniambia, “Pole, Papa. Hapa paliisha.” Wakatupisha bila kutuuliza hata vitambulisho. Papa Kasereka hajaacha kuniazima ile bahasha kila anaposafiri. Mimi lakini niliondoka pale nimethibitishiwa na jeshi.

Yaliyofuata hapa nyumbani unayajua, maana wewe ndiye uliyekuwa unanifunika blanketi. Nililala pale karibu na dirisha, nikaanza kufa kwa utaratibu. Nilimpa mdogo wangu Bahati bote za mvua mbele ya watu. Nikawaita niliowakosea. Nilimkiria Bahati kwamba redio yake haikuharibiwa na radi, niliikalia. Nikamwambia mama yako kwamba kwa miaka ishirini na mitatu sombe yake imekosa chumvi, nami nimenyamaza kwa upendo. Unakumbuka alivyofunga mlango. Na nikamwita Mama Zawadi wa kwaya na kumwambia ukweli wa zile siku kumi na moja mtaa wao ulipokosa maji: hakukuwa na jiwe lolote kwenye bomba, nilifunga vane mwenyewe kwa sababu aliwaambia wanakwaya kwamba sauti yangu inawatoa kwenye wimbo. Mama Zawadi akalia, akanishika mkono, akanisamehe. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba juu ya sauti lakini hakusema uongo.

Ubaya wa kukiri ni kwamba ukishapona maneno hayarudi mdomoni. Hilo ni funzo ambalo nimelilipia mwenyewe.

Na wewe, mwanangu, ulikuwa na barua ya Bukavu. Ulikuwa umefaulu mtihani wa serikali, shule ya wauguzi ilikuwa imekukubali, na majina yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi wa kumi. Uliiweka ile barua katikati ya kitabu cha nyimbo na hukuitaja tena. Mama yako alipokuuliza, nilikusikia kutoka kitandani: “Mama, Papa iko nakufa, miye niende kusoma namna gani?” Ulisema bila kulalamika, kama mtu anayesema mvua inanyesha kwa hiyo hatafua.

Ukabaki. Ukawa unapanda kwenye tangi badala yangu. Nilikuwa nakuelekeza vane kutoka kitandani, na ulizijua zote kwa siku tatu, jambo lililonifurahisha na kuniudhi kidogo. Na kila asubuhi ulikuwa unachukua zile picha na kuziweka kwenye kioo cha dirisha, unazitazama dakika nyingi. Nilidhani unahuzunika. Siku moja ukageuka.

“Papa, kama damu hayipite hapa peusi, huku yulu inafika na njia gani?”

Nikakwambia uache kumsumbua mgonjwa.

“Hapana, Papa. Weye njo fontenye. Kama tuyo imeziba hapa, robine ya mbele inatoa mayi?”

Mapendo, niligeuza uso ukutani nikajifanya nimesinzia, kwa sababu nilikuwa nimeona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata kwa Mama Zawadi. Bomba likiziba, mbele yake hakuna kitu. Mtoto anayeteka maji anajua. Na pale juu ya mahali peusi mshipa wangu ulikuwa mweupe hadi kichwani, mnene, umeshiba. Miaka thelathini na mabomba, na nilihitaji msichana aliyemaliza shule juzi aniulize jambo la kwanza ambalo fontenye yeyote angeuliza.

Sasa tunakaribia kipande chako.

Papa Kasereka alikuwa anarudi Kampala wiki ileile. Nilimwomba apite hospitali, amwonyeshe dada Masika swali lako, nililokuwa nimeliandika kwenye karatasi. Siku tatu baadaye simu yangu ikatoa mlio mmoja na kufa, maana humu ndani rezo ya simu haishiki. Wewe ulikuwa kwenye tangi, mama yako shambani. Nikaruka kitandani nikapanda kile kilima cha nyuma, bila viatu, na nilipofika juu simu ikalia tena. Sijui kama uliwahi kuona mtu anayekufa akipanda kilima mbio ili aambiwe anakufa kwa nini.

Alikuwa dada Masika mwenyewe, na daktari alikuwa amekwisha kusoma picha zangu tangu ile Jumatatu niliyoikimbia. Alinigombeza kwanza. Halafu akanieleza, na nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote.

Alisema ile mashine haipigi picha ya damu. Inapiga picha ya mwendo wake. Katika ile karatasi ya kwanza, mashine inagonga kipande chembamba cha shingo, tena na tena kwa haraka, hadi nyama iliyotulia pale inachoka na kushindwa kujibu, ndiyo maana inabaki nyeusi. Damu inayoingia kutoka chini haijagongwa. Bado ina nguvu, inajibu kwa sauti kubwa, na jibu lake ndilo weupe. Lakini pale mshipa unapogawanyika damu hujikunja, huzunguka, nyingine huenda mbele na nyingine hurudi nyuma, hivyo nayo inachoka au inajibu ovyo, na majibu yanaharibiana. Mahali hapo panakuwa peusi, na mshipa uko wazi.

“Na ile ya matundu?” nikauliza. “Ile ya damu kuisha?”

Akacheka hadi simu ikakwaruza. Akasema ile karatasi ya pili hupigwa kwa namna nyingine. Mashine huita mara mbili kabla ya kusikiliza. Nikamwambia hiyo naijua, ni sawa na salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, pale chefu anapoita majina asubuhi na kuyaita tena baada ya muda, ahesabu waliojibu mara zote mbili. Vijana wenye nguvu wameshapanda na majembe, hawajibu. Walio chini wameketi kwenye majani ndio wanaoandikwa kwamba wapo.

“Njo vile, Papa,” akasema. “Damu yenye kukimbia inaitwa mara moja tu, kiisha iko mbali. Palibakia peusi sababu damu yako iko natembea muzuri. Ingekuwa imesimama, ungeona ingine rangi.”

Kwa hiyo matundu yaliyonilaza kitandani yalikuwa habari njema, na nilikuwa nimeyatazama wiki saba.

Aliniambia hata hivyo mkono haukuniacha bure, na nipimwe eko ya shingo, kipimo cha mawimbi ya sauti, mahali pa karibu ili tuwe na hakika. Wiki iliyofuata nilisema naenda Goma kutafuta viungo vya bomba. Mlinikatalia wote. Nikasema afadhali nife nimeacha robine zinatoa maji, na Mama Zawadi akalia tena. Ulinisindikiza hadi barabarani, ukanifunga kitambaa shingoni, ukamwambia mwenye pikipiki apite polepole kwenye mashimo kwa sababu amebeba mgonjwa.

Goma walinipaka mafuta baridi shingoni, wakanisikilizisha damu yangu mwenyewe inavyopita, fyuu, fyuu. Mshipa ulikuwa wazi. Kuta zake zimenenepa kidogo, na presha yangu ilikuwa juu sana, hiyo ndiyo iliyouzima mkono siku ile. Wakanipa vidonge vya kila siku na kuniambia nipunguze chumvi. Nilimfikiria mama yako na sombe yake, nikaona aibu mpya juu ya ile ya zamani.

Sasa sikia. Siku nilipotoka Goma na jibu hilo mfukoni, majina ya Bukavu yalikuwa hayajafungwa. Zilibaki siku kumi na sita. Ningeshuka kwenye pikipiki, nikakwambia, ukafunga begi, ungefika.

Sikukwambia. Nilirudi kitandani.

Nilisema tu kwamba huko Goma nilipitia hospitali nikapimwa, na kila siku ulikuwa ukiambiwa kwamba jibu limechelewa. Halikuchelewa. Vidonge nilivificha kwenye kopo la misumari, navimeza mkienda shambani. Papa Kasereka hakuwepo wa kunisaliti, kutoka Kampala alipitia Butembo kumjengea mama yake nyumba na akakaa huko hadi karibu na Noeli. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema uongo, na niliitumia. Karibu unikamate siku mbuzi wa Bahati alipoingia kwenye maharage. Nilitoka kitandani nikamkimbiza hadi mtoni, na nilipogeuka ulikuwa umesimama na beseni kichwani.

“Papa, uko nakimbia?”

Nikakwambia sikukimbia, nilikuwa naanguka kwenda mbele. Ukaweka beseni chini ukanishika kiuno, ukanirudisha ndani hatua kwa hatua, na nikaegemea bega lako njia nzima.

Kwa nini? Nimejiuliza mwaka mzima. Nilijiambia kwamba ni aibu, kwamba baada ya kuungama yote yale mtu hawezi kuamka na kuomba bote zake. Hiyo ni sehemu ndogo. Ukweli ni kwamba ulikwenda kusoma Masisi ukiwa mdogo, ukawa unarudi likizo umeongezeka urefu, tunasalimiana, naenda kwenye mabomba yangu. Nilikujua kwa matokeo ya shule. Halafu nikaugua, na ghafla nilikuwa na binti anayekaa kwenye ukingo wa kitanda changu na kunichekesha kwa kumwiga pasta akitafuta miwani. Ulinisimulia habari ya rafiki yako aliyefukuzwa, ukanieleza unachoogopa. Mimi nilipenda. Nilikupenda hadi nikakuibia. Nilidhani ukiondoka nyumba hii itakuwa na mtu wa mabomba tu ndani yake, na niliogopa, basi.

Siku majina yalipofungwa, uliamka ukachukua mablanketi yote ya nyumba, hata yaliyo safi, ukaenda kuyafua mtoni peke yako hadi jioni. Nilikuona kutoka dirishani. Nilijua ni siku gani. Ulirudi macho mekundu ukasema sabuni imekuingia. Jumapili iliyofuata nikatangaza kanisani kwamba Goma wamejibu na nimepona, kwaya ikaimba, na wewe ndiye uliyeruka kuliko wote. Katika maisha yangu sijafanya jambo baya kuliko kusimama pale nikapigiwa makofi.

Usiniruhusu kamwe niseme kwamba ule mwaka ulikusaidia. Nimewasikia watu wakisema Mungu alikuwa na mpango, kwamba kama ungekwenda Bukavu usingezitazama zile picha hadi ukataka kuifanya kazi yenyewe, na kesho usingekuwa unakwenda Kampala kuisomea. Mungu ana mipango yake. Mimi sikuwa na mpango, nilikuwa na woga. Uliyoyapata uliyatoa mwenyewe kwenye kioo cha dirisha, na mimi nilikuwa nimelala pembeni nikijifanya mgonjwa.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuamua hivyo. Lakini Jumanne nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, “Sijue kama nitaweza, Mama. Kule banasoma na Kiingereza, na bale bengine balisoma shule za maana. Miye nitauliza nini mbele yabo?” Mama yako akakwambia usali. Mimi nilisimama nyuma ya mlango na jibu lako mdomoni, na sikuweza kulitoa, kwa sababu nililipokea kule kilimani siku ileile niliyoambiwa kwamba mshipa wangu uko wazi. Kutoa moja ni kutoa yote mawili.

Basi lipokee. Dada Masika alipomaliza kunieleza aliniuliza: “Ile swali ya damu kufika yulu, nani aliuliza?” Nikasema ni binti yangu, amemaliza shule mwaka huu. Halafu akasema, na nakuandikia kama alivyosema: “Papa, huyo mutoto mumulete huku asome hii kazi. Kuko bantu banamaliza masomo bila kuuliza ile. Miye mwenyewe niliuliza mwaka wa pili.”

Hayo ni maneno yako. Nimekaa nayo mwaka mzima.

Nasikia sauti ya mama yako anamsalimia jirani barabarani. Yeye naye atajua leo, na atakuwa na maneno yake, na yatakuwa mengi, nami nitayasikiliza nimesimama. Barua hii nilifikiri kuificha katikati ya nguo zako uikute Kampala. Sasa naona huo ungekuwa ujanja uleule, ungenikasirikia ukiwa peke yako katika chumba cha wageni, nami huku nakula sombe. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya chakula. Kasirika hapa, mwanangu, nyumbani kwako, mimi nikiwa mbele yako, kwa muda wowote unaotaka, na useme chochote.

Na kama asubuhi utapanda pikipiki bila kuniaga, nitaelewa. Nitakuwa nimesimama barabarani hata hivyo.

Papa yako